Barua ya wazi kwa Waheshimiwa: theluthi yetu iko wapi?

Mombasa

Kwa:
Waheshimiwa Maspika wa Bunge la Taifa na Seneti,
Waheshimiwa Viongozi wa Wengi na Viongozi wa Wachache,
Viongozi wa vyama vyote vya siasa nchini Kenya.

Waheshimiwa,

KUH: KANUNI YA THELUTHI MBILI YA JINSIA

Nawasalimu kwa heshima inayostahili vyeo vyenu. Mimi ni mwanamke mstaafu wa utumishi wa kibalozi, na tangu niache kupanga misafara ya wakubwa nimekuwa nikiandika makala za utani kuhusu wanawake na siasa. Kazi hiyo mmenirahisishia mno, maana haipiti wiki bila nyinyi kuniandikia nusu ya makala. Leo lakini naleta malalamiko, na nayaleta hadharani kwa kuwa ya faragha hayakufua dafu. Ofisi moja ilinijibu kwamba barua yangu imepokelewa na inashughulikiwa. Nyingine ilinialika kwenye warsha ya kuwawezesha wanawake, hotelini, nikapewa mkoba, kalamu na cheti cha kuhudhuria. Kalamu ndiyo hii ninayoandikia.

Suala lenyewe mnalijua. Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010 inasema, katika Vifungu vya 27(8) na 81(b), kwamba vyombo vya umma visiwe na watu wa jinsia moja zaidi ya theluthi mbili. Naomba muisome tena, maana haikutaja wanawake. Siku tutakapolijaza Bunge sisi, Katiba hiyo hiyo ndiyo itakayowakingia nyinyi theluthi yenu, nami nitakuwa wa kwanza kuitetea.

Hesabu nayo si ngumu. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika: 290 wa maeneobunge, 47 Wawakilishi wa Wanawake wa kaunti, na 12 wa kuteuliwa. Ili kanuni itimie, wanawake wasipungue 117. Mwaka 2013 wanawake 16 walishinda viti vya maeneobunge. Mwaka 2017 wakawa 23, na 2022 takriban 30. Ongezeni wale 47 na walioteuliwa na vyama, bado tunapungukiwa na viti zaidi ya 30. Kwa mwendo huu mjukuu wangu, ambaye sasa anahesabia vidole, atakuwa mama wa watu kabla hesabu haijatimia.

Haya ndiyo yanayonikera.

1. Tumeshindwa na watoro

Ningekuwa na amani kama mswada wa kutekeleza kanuni hii ungeangushwa kwa hoja. Mtu akikushinda kwa maneno unarudi nyumbani, unanoa ulimi, unakuja tena. Ila sisi hakuna aliyetujibu. Mahakama ya Juu ilishauri Desemba 2012 kwamba kanuni itekelezwe hatua kwa hatua, na ukomo ukawa 27 Agosti 2015. Mkajiongezea mwaka mmoja, nao ukaisha. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikawapa siku 60, nazo zikaisha. Mswada wa namna hii unahitaji kura 233. Novemba 2018 upigaji kura uliahirishwa kwa sababu waliokuwemo ukumbini hawakutosha. Februari 2019 ukarudishwa, na hawakutosha tena.

Nimekaa katika ubalozi miaka mingi, na huko kutokuja ni kauli kamili. Balozi akiachwa nje ya dhifa kwa makusudi, hakuna haja ya kumwandikia, serikali yake imekwisha kuelewa. Nasi tumewaelewa, Waheshimiwa. Kinachonichekesha ni kwamba sijawahi kusikia akidi imekosekana siku ya kujadili marupurupu. Siku hiyo hata mgonjwa hupona.

Tarehe 21 Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge, kama Kifungu cha 261 kinavyoelekeza pale sheria inayotakiwa na Katiba isipotungwa. Hapo ndipo nilipoona umoja wa kitaifa: pande zote mbili za Bunge zilikasirika kwa pamoja. Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri ule, Bunge likamaliza muhula wake 2022, na wengi wenu mkarudi. Mwaka 2023 suala likapelekwa Bomas kwenye mazungumzo ya kitaifa. Mtu aliyefanya kazi yangu anajua jambo linapelekwa kwenye kamati kwa sababu mbili tu, ama ni la haraka mno au halitakiwi kabisa. Hili halijawahi kuonekana kuwa la haraka.

2. Mlango wa pembeni

Binti wa kaka yangu alitaka kugombea eneobunge. Si kiti cha kaunti, si cha kuteuliwa: eneobunge, kama mwanamume yeyote. Akaenda kwa wazee wa chama, nami nikamsindikiza kwa kuwa shangazi hata akistaafu ana faida ya kutazama watu kwa jicho kali. Tukakaa kwenye viti vya plastiki, tukaletewa kahawa chungu. Alikuwa amebeba faili lenye mpango wake wa maji na barabara za mitaa, na mahesabu ameyapiga mwenyewe. Swali la kwanza aliloulizwa ni kama mumewe ameridhia. La pili ni watoto amewaacha na nani. La tatu halikuwa swali. "Mwanangu," afisa mmoja akamwambia kwa upole kabisa, "kuna kiti cha Mwakilishi wa Wanawake. Kile ndicho chenu. Huku mtaparuzana bure na wanaume." Mkutano ulipokwisha, faili halikuwa limefunguliwa. Kikombe cha kahawa kilikuwa kimewekwa juu yake, na jalada likabaki na duara la unyevu.

Viti 47 viliwekwa ili viongeze idadi yetu. Nyinyi mmevifanya boma la kutufungia. Na tazameni kazi yenyewe: Mombasa ina maeneobunge sita, yaani Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Kila mbunge ana eneo lake moja na hazina yake ya ustawi wa eneobunge. Mwakilishi wa Wanawake anazunguka yote sita, na fungu analopewa ni dogo kuliko la mmoja wao. Kisha mnamwita Mama Kaunti. Naam, mama kwa desturi zetu ndiye anayekula mwisho.

3. Nyumba haikujengwa kwa ajili yetu

Tarehe 7 Agosti 2019 Mheshimiwa Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale wakati huo, aliingia Bungeni na mtoto wake wa miezi mitano kwa kuwa siku hiyo hakuwa na wa kumwachia. Akatolewa nje. Kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu, mtoto yule alikuwa mgeni asiyeruhusiwa ukumbini. Nimeshughulikia itifaki maisha yangu yote na sijakutana na mgeni wa hatari kiasi kile: hana simu ya kurekodi, hana pasipoti, na hotuba yake fupi kuliko zenu zote.

Jamani, Bunge hili hili ndilo lililopitisha Sheria ya Afya ya 2017, ambayo Kifungu chake cha 71 kinamtaka kila mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Mwajiri ni mwenye kiwanda, mwenye duka, mwenye hoteli. Kumbe na aliyeitunga ni mwajiri pia? Halikuwa limewapitia akilini.

Tarehe 14 Februari 2023, siku ya wapendanao, Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti akiwa na doa kwenye suruali yake nyeupe. Maseneta wakalalamika, akaombwa aende akabadilishe. Nakumbuka fadhaa iliyosikika siku ile, utadhani damu ya mwezi ilikuwa imevumbuliwa asubuhi hiyo. Na hapo pia kuna sheria yenu: tangu 2017, Sheria ya Elimu ya Msingi inaitaka serikali iwape sodo za bure wasichana waliobalehe katika shule za umma. Mlipiga kura kuhusu sodo mkiwa wakakamavu, kisha mkashindwa kutazama doa moja. Wapo wanawake waliolalamika siku ile, najua. Nyumba ikikulea vibaya inakulea vibaya bila kujali jinsia.

Nisiwaonee sana, ulimwengu mzima uko hivi. Nilipokuwa nikikaimu uongozi wa ubalozi wetu katika nchi moja ya mbali, wenyeji walitayarisha ratiba mbili: moja ya wakuu wa balozi, nyingine ya wake zao. Hawakuwa na ratiba ya mume. Mume wangu, mwalimu wa hisabati, akapakiwa kwenye basi la kina mama kwenda kutazama maonyesho ya maua. Jioni akarudi na mche wa waridi, anafurahi, ananiambia wale wake wa mabalozi wanajua siri za nchi zao kuliko mabalozi. Hilo halikunishangaza.

4. Fedha za vyama

Hapa nitasema kwa kifupi kwa kuwa nyinyi wenyewe mnajua kilichomo. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inataka angalau asilimia 30 ya fedha ambazo chama kinapewa kutoka Hazina ya Vyama itumike kukuza uwakilishi wa wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makundi madogo. Zimetumikaje? Binti wa kaka yangu aliziulizia, akaonyeshwa fulana.

5. Lugha

Wanawake wanaoteuliwa katika mabunge ya kaunti wanaitwa "bonga points", kama zawadi ya mtu aliyenunua muda wa maongezi kwa wingi. Anayesema hivyo mara nyingi ni mwakilishi wadi aliyekaa naye kwenye kamati moja na kumwachia yeye asome makabrasha.

Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika Uhuru Park, Bunge lilitumia muda wake kumkejeli, na hata ndoa yake iliyovunjika ikaingizwa katika mjadala wa bustani. Jengo halikujengwa. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Waliomcheka siku ile, ni wangapi kati yenu mnaweza kuwataja watano bila kwenda maktaba?

Na Machi 2014, Mswada wa Ndoa ulipofika mezani, wabunge wanaume waliondoa kifungu kilichomtaka mume ashauriane na mke wa kwanza kabla ya kuoa mwingine. Wabunge wanawake wakatoka ukumbini. Nawaomba mtambue kwamba usiku huo akidi ilikuwepo.

Sasa visingizio. Navijua, kwa hiyo niwapunguzie kazi ya kunijibu.

Mtasema ni gharama, kwamba mwananchi amechoka kulipa mishahara ya wabunge. Kweli amechoka, na mimi ni mmoja wao. Lakini Katiba ilipoongeza maeneobunge kutoka 210 hadi 290, sikuona mtu akilia kwa ajili ya mlipa kodi. Gharama ilianza kuuma pale viti vilipotajwa kuwa vya kina mama. Kama ni gharama, zipo njia zisizoongeza hata kiti kimoja: simamisheni wanawake katika ngome zenu, mahali ambapo tiketi ya chama ni ushindi tayari. Hilo halihitaji hata kubadili Katiba. Linahitaji tu mwenyekiti wa chama asimpe shemeji yake.

Mtasema wanawake wenyewe hawapigiani kura. Wapiga kura hawa hawa ndio waliochagua magavana wanawake watatu mwaka 2017, na saba mwaka 2022, akiwemo Fatuma Achani wa Kwale, jirani zetu hapa ng'ambo ya kivuko. Mwaka 2013 hapakuwa na gavana hata mmoja mwanamke. Mpiga kura amewatangulia. Anayechelewa ni anayechapisha tiketi.

Mtasema viti vya kuteuliwa vitajazwa wapenzi na jamaa za wakubwa. Hiki ndicho kisingizio ninachokipenda zaidi, kwa sababu orodha za uteuzi zinaandikwa na nyinyi! Mtu akikwambia usimpe ufunguo wa ghala kwa kuwa anajijua ni mwizi, msifu kwa ukweli, halafu umtafutie kazi nyingine.

Mtasema aliyeteuliwa hajifunzi siasa, wacha apambane debeni. Grace Ogot aliingia Bungeni mwaka 1983 kwa kuteuliwa. Alikuwa mwandishi anayejulikana, alikuwa amekaa katika ujumbe wa Kenya kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1975, na angeweza kukaa kimya kwenye kiti chake laini. Mwaka 1985 alikiacha, akagombea uchaguzi mdogo wa Gem, akashinda. Ni mwaka ule ule Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa dunia wa wanawake pale kwenye jumba la mikutano la KICC, tukapiga makofi, tukatia saini mikakati. Karibu na siku zetu hizi, Mishi Mboko alikuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Mombasa mwaka 2013, na mwaka 2017 akachukua eneobunge la Likoni. Gladys Wanga alikuwa na kiti kama hicho Homa Bay, leo ni gavana. Waliopewa ngazi wamepanda. Msilaumu ngazi kwa kuwa imewafikisha watu dirishani kwenu.

Wa mwisho ni mila na dini. Nimekaa Pwani ya Waislamu na Wakristo na nimewasikiliza masheikh na maaskofu, na sijui mila gani ni ya Kiafrika kuliko ya majirani zetu. Rwanda iliandika asilimia 30 katika Katiba yake ya 2003, na kufikia 2008 wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume katika Bunge lake la chini, jambo ambalo halikuwahi kutokea popote duniani. Burundi waliweka asilimia 30 katika Katiba ya 2005. Uganda wana kiti cha mwanamke katika kila wilaya. Tanzania wana viti maalum, na mwanamke ni Rais wao tangu Machi 2021. Tunakutana nao Arusha katika vikao vya Jumuiya, na sisi ndio tunaojisifu kwa uchumi na kwa Katiba nzuri. Mimi nimekaa kwenye meza hizo. Mjumbe wa nchi jirani aliwahi kuniuliza kwa adabu, tukisubiri chai, lini Kenya itaitii Katiba yake yenyewe. Nilimjibu kibalozi, yaani nilimpitishia sukari.

Kwa hiyo naomba haya, na nayaomba kwa majina yenu:

1. Mswada wa kutekeleza theluthi mbili upigiwe kura mapema, kabla kampeni za Agosti 2027 hazijawameza, na viranja wa pande zote mbili wawaite wabunge wao kwa nguvu ile ile wanayotumia siku ya bajeti.

2. Kura ipigwe kwa kuita majina, na majina ya ambao hawakufika yachapishwe magazetini pamoja na sababu zao. Aliye hospitali tutamwombea. Aliye hotelini tutamtafuta 2027.

3. Kila chama kichapishe, kabla ya mchujo, namna kilivyotumia ile asilimia 30 ya fedha za umma, kwa shilingi na kwa jina la kazi iliyofanywa. Fulana zihesabiwe mbali.

4. Kila chama kitangaze ni wanawake wangapi kitawasimamisha katika ngome zake, si katika maeneo ambayo hata chama chenyewe hakijawahi kufungua ofisi. Na mchujo ufanyike mchana.

5. Fungu la Wawakilishi wa Wanawake lilinganishwe na ukubwa wa kaunti wanazozihudumia.

6. Maspika mtueleze hadharani ni mabunge mangapi kati ya yale 47 ya kaunti yana chumba cha kunyonyeshea kinachotumika, chenye kiti na mlango unaofungwa. Kama kimegeuzwa stoo ya makabrasha, semeni hivyo.

Mtakaponijibu, tafadhali msinialike warsha. Nijibuni kwa maandishi, nami nitayachapisha majibu yenu neno kwa neno, bila kuongeza utani wangu, isipokuwa yatakapokuwa nao tayari. Kabla Bunge halijaenda likizo ijayo nitaandika tena, na barua hiyo itakuwa na majina.

Wenu kwa heshima,

Mstaafu wa utumishi wa kibalozi na mwandishi,
Mombasa.

Nakala kwa:
Msajili wa Vyama vya Siasa
Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka
Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa
Binti wa kaka yangu, ambaye safari hii hachukui fomu ya Mwakilishi wa Wanawake